HOTUBA YA IJUMAA: FUNGATE BILA DENI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, aliyetuumba kutokana na nafsi moja, akatufanya mume na mke. Tunamshukuru, tunamuomba msaada na tunamuomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyeshika njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, na ninyi mama zetu mlio nyuma ya pazia, nawausia pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Allah katika mambo makubwa na katika yale tunayoyaona madogo. Leo nitasema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo.

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, alinijia kijana mmoja wa msikiti wetu. Wengi wenu mtamtambua, na yeye mwenyewe ameniruhusu niseme. Mahari amekwisha kulipa, wakwe wamemkubali, siku ya nikahi imewekwa. Nilidhani anataka kuniuliza habari ya mashahidi. Kumbe alitaka nimdhamini akope dola 600. Nikamwuliza, za nini? Akatazama chini, akasema: “Shehe, ni za safari ya baada ya harusi. Rafiki yangu alimpeleka bibi yake Zanzibar. Mimi nikibaki Kadutu watu watasema nini?”

Sikumcheka, na ninyi msimcheke. Kijana anataka kumfurahisha mke wake, na hilo ni jema. Anaogopa maneno ya watu, na hapa Bukavu sisi tunayajua maneno ya watu. Nikamwambia anipe wiki moja nifikiri. Haya mnayoyasikia leo ndiyo niliyoyafikiri.

Kwanza tulitazame jina. Vijana wetu wanasema “mwezi wa asali”, nao wameutoa katika Kifaransa. Lakini Kiswahili kina neno lake la zamani: fungate. Kule pwani, Lamu na Mombasa na Unguja, fungate ni zile siku saba ambazo bwana harusi na bibi harusi wanakaa ndani, hawafanyi kazi, wanaletewa chakula, hakuna anayewatuma maji wala kuni. Neno hili ni mali yetu pia. Lugha hii na dini hii vilifika Nyangwe na Kasongo kwa miguu ya watu waliotoka pwani karne ya 19, na wengi wetu tulio katika safu hizi babu zetu ni watu wa Maniema. Basi mnaona, fungate haikuwa safari. Ilikuwa ni siku. Watu walipewa muda, hawakupewa tikiti.

Na hii saba haikutoka hewani. Katika Hadithi aliyoipokea Anas (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, mwanamume mwenye mke akioa bikira, akae kwake siku saba kabla ya kurudi kwenye zamu, akioa aliyekwisha kuolewa, akae siku tatu. Sheria yetu inatambua kwamba watu wawili wanaoanza maisha wanahitaji siku za kuzoeana. Haikutaja hoteli. Na katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, Allah ametueleza ndoa kwa mambo matatu: utulivu, mapenzi na huruma. Basi mtu akitaka kujua kama safari yake ya fungate inafaa, ajiulize: italeta utulivu, au itauondoa?

Kuna anayesema kusafiri na bibi harusi ni desturi ya Wazungu. Mimi sisemi hivyo. Mwaka wa 7 wa Hijria, alipokuwa akirudi kutoka Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimuoa Mama yetu Safiyya binti Huyayy (r.a.) njiani, akapiga kambi siku tatu kati ya Khaybar na Madina. Walima yao haikuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi chini, kila mtu akaleta alicho nacho: tende, jibini kavu, samli. Hiyo ndiyo karamu ya mbora wa viumbe! Na Mama yetu Aisha (r.a.) amesimulia kwamba walipokuwa safarini Mtume aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana naye mbio, Aisha akamshinda, na baadaye sana, Aisha akiwa amenenepa, wakashindana tena, mara hii Mtume akashinda, akamtania kwamba amelipa kisasi cha ile ya kwanza. Kusafiri na mke, kucheza naye, kumfurahisha, yote ni Sunna. Wala haikugharimu hata dirhamu.

Hata hao Wazungu, ndugu zangu. Katika Uingereza ya karne ya 19 maharusi wa familia tajiri walikuwa wakizunguka kuwatembelea jamaa ambao hawakuweza kufika harusini. Yaani ilikuwa ni kuunga undugu. Mambo ya ufukweni yalikuja baadaye.

Sasa niseme juu ya deni, na hapa nitajisema mimi mwenyewe.

Nilioa mwaka 2007. Wakati ule sikuwa na kilemba hiki, nilikuwa kijana wa sokoni. Uchaguzi wa 2006 ulikuwa umepita, tulidhani vita vimekwisha, kila mtu alikuwa na haraka ya kuishi. Nikasema lazima nimpeleke mke wangu Bujumbura, akaone mchanga wa Tanganyika. Pesa sikuwa nayo. Nikaenda kwa mtu wa banki lambert, ninyi mnaijua banki lambert. Nikachukua dola 400, nikaandika kurudisha 600. Hiyo ni riba, hakuna jina lingine, na Allah anajua jinsi nilivyotubia.

Siku ya kwanza Bujumbura tulikula samaki, tukatembea kando ya maji, nikajiona mfalme. Siku ya pili nilianza kuhesabu. Bibi yangu anaagiza soda, mimi nahesabu. Anasema twende tukawaone viboko wa mtoni, mimi nasema kichwa kinauma. Yeye alidhani nimechoka naye. Hebu fikirini, mwanamke wa siku tatu, anadhani mumewe amemchoka! Tuliporudi, mwenye pesa alikuwa ananingoja Essence. Mwezi wa nne tukauza mashini ya kushonea ambayo mke wangu alikuja nayo kutoka kwa baba yake. Ile mashini ndiyo ingetulisha. Hakusema neno siku ile. Mpaka leo mtu akitaja Bujumbura nyumbani kwangu, sisi wawili tunanyamaza kwanza.

Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, asiwe tayari kumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile. Haya, na sisi tunakopa ili tupige picha.

Katika Sura ya At-Talaq, aya ya 7, matumizi ya mume kwa mke yamewekewa kipimo: mwenye nafasi kwa nafasi yake, na aliyebanwa kwa kile alichoruzukiwa. Kwa hiyo, kijana wangu, hesabu inaanzia nyuma. Toa kwanza mahari. Toa walima, hata ya kondoo mmoja, kama Mtume alivyomwambia Abdulrahman bin Auf (r.a.). Toa garanti ya nyumba, maana mwenye nyumba wa Bukavu hatakungoja umalize asali. Toa unga, mafuta na makala ya mwezi wa kwanza. Kilichobaki baada ya hapo ndicho cha fungate. Kikiwa dola 100, fungate yako ni ya dola 100. Kikiwa 20, ni ya 20. Kikiwa hakuna, utapata fungate pia, nitaeleza.

Wapi basi? Kijana aliniuliza hivyo, na shehe anayekataza bila kuonyesha njia amefanya nusu ya kazi.

Zanzibar ni nzuri, sikatai. Lakini kutoka hapa ni pasipoti, ni mipaka, ni siku kadhaa za barabara. Na ndege za abiria za Kavumu zilisimama tangu vita vilipofika kwetu Februari 2025. Mwenye uwezo aende, Allah amzidishie. Goma nako, mji ambao maharusi wetu walizoea kwenda kwa bato usiku mmoja, mwaka 2025 ulizika watu wengi mno. Anayekwenda huko aende kwanza kuwapa jamaa pole. Kamembe ni karibu, ukivuka daraja la Ruzizi umefika, na upande ule ziwa ni lile lile. Ulizia karatasi za kuvukia na saa ya kufunga mpaka, usije ukalala darajani na bibi harusi.

Lakini mimi ningemshauri Idjwi.

Msishangae. Sisi tunaitazama Idjwi kila siku kutoka milimani kwetu, kama mtu anavyolitazama gunia la jirani bila kujua lina nini. Kisiwa kile ni kirefu, kilomita 40 hivi kutoka ncha hadi ncha. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika kinafuata Ukerewe ya Tanzania kwa ukubwa. Watalii hutoka Ulaya kukitafuta, na mtoto wa Bagira mwenye umri wa miaka 25 hajakikanyaga. Kuna mananasi, avoka, ndizi, kahawa. Mamba hakuna ziwani Kivu. Magari ni machache, usiku unasikia vyura na wavuvi tu. Na wavuvi wale, wallahi, ni safari peke yake: wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wanatoka na taa jioni, wanapiga kasia huku wakiimba. Wanavua sambaza. Samaki huyu hata si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950, leo watu wangapi anawalisha? Kaa ukingoni na mke wako, zitazameni taa zile, kisha mwambie akueleze alivyolelewa. Hilo halina bei.

Na suala la nyama ya halali halitawasumbua. Samaki hahitaji kuchinjwa. Kuleni sambaza kwa bugali, mmemaliza.

Wenyeji wa Idjwi wengi ni maskini kuliko sisi. Usimkate mama bei ya nanasi kwa sababu wewe ni mtu wa mji. Ikiwa kuna kitu umeweka kwa sadaka, hapo ndipo mahali pake.

Mahali pa kulala, tafuteni nyumba ndogo ya wageni, au jamaa mwenye chumba. Epukeni penye baa na muziki wa usiku kucha, hata kama ni rahisi. Wala usione haya kulala katika nyumba ya wageni ya masista au ya parokia: ni safi, pana utulivu, hawauzi tabia mbaya, na bei yao mara nyingi ni ya kibinadamu. Chukueni cheti cha ndoa, muonyeshe mlangoni, mwanamke wako asitazamwe kwa jicho baya.

Kuhusu kupunguza swala: maulamaa wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wanaweka masafa ya kilomita 80 na kidogo. Idjwi haifiki hapo. Basi swalini swala kamili, mwanamume awe imamu wa mke wake. Nawaambieni, hamtaisahau Alfajiri ile.

Na chombo! Hapa nasema kwa ukali. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ukingoni. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, tena walikuwa karibu kabisa kufika. Allah ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Chombo kikijaa, shuka, ngoja kingine, hata kama bibi harusi amevaa viatu vya kisigino. Dai jileti, ivae, usiikalie. Safiri asubuhi ziwa likiwa limetulia. Katika pesa zote za safari hii, pesa ya chombo kizuri ndiyo usiyoibania.

Asiyependa maji aende upande wa Katana, afike Lwiro. Kuna majengo ya kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, na tangu 2002 pana mahali wanapolelewa sokwe na nyani walioponywa mikononi mwa wawindaji, wengi wao watoto walionyang'anywa mama zao. Ni safari ya siku moja, unarudi kulala kwako. Lakini barabara za kwetu, tangu 2025, mtu asizitumie kwa habari ya jana. Ulizia asubuhi ile ile. Wakikuambia si salama, rudi nyumbani na ucheke na mke wako, siku haijaharibika.

Nasema haya na kuwaombea Allah atusamehe sisi na ninyi. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Ndugu Waislamu. Nimesema na bwana harusi. Sasa nasema na sisi wengine, maana sisi ndio tuliomfikisha kijana huyu kwenye dola 600.

Kamati ya harusi inakaa mara nane. Inachanga kwa ajili ya msafara wa magari ya kupiga honi kutoka Nguba mpaka Kadutu. Inachanga kwa mtu wa video. Inachanga kwa sale, na kitambaa cha sale, na keki ambayo nusu yake inatupwa. Siku ya pili maharusi wanaamka hawana chumvi. Mimi nimeona hayo kwa macho yangu. Na yule yule aliyekula keki ndiye anayeuliza: wamekwenda wapi baada ya harusi? Hawakwenda popote? Jamani! Wewe umewapa nini ili waende?

Tukiirudisha fungate ya wazee, kila harusi ya msikiti huu itakuwa nayo, hata ya yatima. Jamaa mmoja mwenye nyumba tulivu, kule Muhumba au popote karibu na maji, awaachie siku chache. Yeye alale kwa ndugu yake. Jirani wa kwanza alete chakula siku ya kwanza, wa pili siku ya pili. Vijana wachote maji. Hakuna anayebisha mlango kuomba chaja ya simu. Bwana harusi aje msikitini kwa swala zake, kisha arudi moja kwa moja, na ninyi msimshike uani kwa maswali ya kipuuzi.

Na nimetaja simu. Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya mume na mke wanaotoka chumbani kisha wakaitangaza siri ya wenzao. Siku hizi siri inatoka chumbani na picha yake. Mke amevaa nguo ya ndani ya nyumba, mume anampiga picha, saa hiyo hiyo imo katika WhatsApp ya kundi la mpira. Huo ni msiba. Zimeni simu, au angalau muwape wazazi namba moja ya dharura.

Narudi kwa kijana wetu. Alipokuja tena baada ya wiki moja, nilimwuliza swali moja tu: “Mchumba wako amesema anataka kwenda wapi?” Akanyamaza. Hakuwa amemwuliza! Alikuwa ameshauriana na rafiki zake wanne, na mwenye kukopesha, na mimi. Nikamwambia aende, akae sebuleni na kaka yake msichana akiwepo, amwulize.

Alirudi jioni ile ile, na uso tofauti. Yule binti anauza mikate asubuhi. Anaamka saa kumi ya usiku tangu alipokuwa na miaka 14, ili wadogo zake wasome. Jibu lake lilikuwa hivi: anataka siku saba ambazo hakuna mtu atakayemwamsha, isipokuwa kwa Alfajiri, na baada yake arudi kulala. Na kama ikipatikana nauli, anataka kumwona shangazi yake aliyeko Idjwi, ambaye alimlea miaka miwili wakati wa vita na ambaye hana nguvu ya kuja harusini.

Kwa hiyo hesabu yao ni hii. Siku tatu Idjwi, kwa shangazi. Wanapeleka kilo tano za sukari, kitenge na sabuni. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kijana anayo tayari mfukoni, tena kwa chombo chenye jileti. Siku nne Bukavu, katika nyumba ambayo mzee mmoja wa safu ya mbele amekubali kuwaachia, Allah amlipe. Mikate ya asubuhi itauzwa na binamu yake. Zile dola 600 hazikukopwa.

Ewe Mola, wabariki hawa wawili, uwaunganishe katika kheri. Wape maharusi wetu wote nyumba zenye utulivu. Wahurumie waliozama katika ziwa letu na waliouawa katika vita vyetu, urejeshe amani Bukavu, Goma, Uvira na Kongo yote. Walipie wenye madeni madeni yao. Amin.

TANGAZO: Nikahi itasomwa hapa msikitini Jumapili ijayo baada ya swala ya Adhuhuri. Walima ni uani, kila familia ilete sahani yake. Chakula cha maharusi kwa zile siku nne za Bukavu kinaandikishwa kwa mama mweka hazina wa upande wa wanawake. Siku ya kwanza, ya pili na ya nne zimepata watu. Siku ya tatu bado.